Kwa Bibi, Ambako Baba Haingii

Nilipotoroka nyumbani Rwamgasa nilikuwa na miaka kumi na sita, na sikukimbilia kwa mwanamume yeyote, kama majirani walivyotangaza. Nilikwenda kwa bibi mzaa mama, kijijini karibu na Mhunze, sare ya shule ikiwa ndani ya begi. Baba alikuwa amenihamishia huko machimboni nimsaidie mama kupikia wachimbaji, akasema shule nitarudi mambo yakikaa sawa. Namjua baba. Mambo yake hayajawahi kukaa sawa. Mimi nilitaka kumaliza kidato cha nne, basi.

Tena kwa bibi nilichagua kwa akili. Kwetu Wasukuma mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, wala haingii nyumbani kwake. Baba ni mkali, akifoka anasikika hadi kwa jirani wa tatu, lakini penye ukwe ananywea. Nilijiona nimefika salama.

Wiki haikuisha akaja. Bibi, kwa kuogopa kuambiwa ameficha mtoto wa watu, naye alikuwa amemwita afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mpole. Baba akakaa kwenye kigoda nje ya ua, akaupa mlango mgongo. Bibi akasimama mlangoni. Katikati nikawekwa mimi, nipeleke maneno.

"Mwambie bibi yako nimemfuata mwanangu."

"Ng'wanawane, mwanangu, mwambie baba yako mtoto anakula, amenenepa."

Nikaenda na kurudi, nikirudia maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia vizuri. Afisa akawa anaficha kicheko ndani ya mtandio. Hata mimi nilikuwa nacheka, mpaka yeye alipoanza kusema.

"Baba, mtoto ambaye hajafikisha miaka kumi na minane, mzazi ndiye anayeamua akae wapi. Sheria inakupa hiyo haki. Ila sheria hiyo hiyo inataka mtoto asikilizwe, na manufaa yake yatangulie. Mkishindwana, mahakama ipo, na huko pia ataulizwa."

Kumbe baba angeweza kuondoka nami jioni ile ile, na ukwe wake usinisaidie kitu. Nikapiga magoti mbele ya kigoda chake.

"Baba, naomba nikae hapa nisome mpaka nimalize kidato cha nne. Nikimaliza nitakuja Rwamgasa, hata kuosha masufuria nitaosha."

Baba akaitikia kwa kichwa. "Mwambie bibi yako nimemsikia."

"Hayo si ya bibi, baba. Ni ya kwangu."

Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtarajia. Halafu, kwa kusahau kabisa, akageuka mzimamzima kumwangalia mama mkwe wake. Bibi akavuta khanga upesi akajifunika uso. Baba akarudi haraka alivyokuwa amekaa, akakohoa, akaangalia chini.

"Mwambie bibi yako akutunze," akasema taratibu. "Godoro lako nitalileta."