Mwanamke Aliyemwokota Awiti

Sikuwa na homa siku hiyo, sikuwa nimekunywa kitu, wala sikuwa usingizini. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo watu huniuliza kwanza. Jua lilikuwa limeshatoka, nami nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili kwenye ua wa boma letu, huko Kano, upande wa Ahero. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo sijui kupamba maneno. Nitasema nilichokiona, na pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Ilikuwa miaka ile Uhuru ungali mpya na mifereji ya mashamba ya mpunga ndiyo kwanza inachimbwa. Mume wangu alikuwa mpagazi gatini Kisumu, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilikaa na mama yake. Kufikia wakati huo nilikuwa nimezika watoto watatu. Wa kwanza, mvulana, aliishi siku tisa. Wa pili, msichana, siku nne. Wa tatu, mvulana tena, alizaliwa alfajiri na jioni hakuwepo.

Hao wawili wa kwanza hawakubatizwa. Tulikuwa tunamngoja baba yao aje, tufanye sherehe ndogo, tuchinje hata kuku. Ungejua wewe kwamba siku tisa ni nyingi? Mimi sikujua.

Nilipomzika wa pili nilikwenda kwa katekista kumuuliza watoto wangu wako wapi. Alikuwa mtu mpole. Aliniambia hawachomwi moto, nisikubali mtu yeyote anitishe, lakini pia hawaoni uso wa Mungu. Wako mahali pao, hawalii, hawafurahi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hukuwa na maji, mama?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba mtoto akiwa anakufa, Mkristo yeyote anaweza kummwagia maji na kusema yale maneno, si lazima padri. Nilirudi nyumbani nikipita kando ya mfereji uliojaa mpaka ukingoni.

Kwa hiyo wa tatu nilijaribu. Nilichota maji kwa kikombe cha bati, nikammwagia kwenye paji la uso, nikasema maneno. Lakini taa ilikuwa mbali, na mpaka leo sijui kama bado alikuwa anapumua. Nilimweleza katekista.

"Alikuwa anapumua?"

"Sijui."

"Kama alikuwa anapumua, yuko mbinguni," alisema. "Kama hakuwa anapumua, basi ulimwosha tu."

Niambie, mtu analalaje na maneno kama hayo?

Mama mkwe wangu alikuwa na yake. Kanisani alikuwa akienda, na rozari alikuwa nayo, lakini katika jambo hili hakumsikiliza katekista. Kwake watoto wale hawakuwa watatu. "Ni mmoja," alisema. "Anakuja, anatuangalia, anaondoka. Wewe unampokea kama mkubwa wa serikali, unamfulia nguo kabla hajafika. Ndiyo maana anatuchezea."

Na mimi nilikuwa na swali langu ambalo hakuna aliyelijibu. Je, huko waliko, wanakua? Wa kwanza angekuwa anakaribia miaka saba. Kuna mtu anamwonyesha kufunga vifungo vya shati? Nilimuuliza katekista, akasema hilo halimo katika kitabu. Nilimuuliza mama mkwe, akaniambia niache kutafuta ugonjwa.

Basi nikazaa wa nne, msichana. Safari hii mama mkwe hakutaka mchezo. Alisema mtoto lazima atupwe.

Usishtuke. Kwetu sisi Wajaluo, mama aliyefiwa na watoto mfululizo humtupa yule anayefuata, ili mauti yadhani hatakiwi. Mtoto huwekwa kwenye ungo, akapelekwa njiani karibu na jaa la takataka, akaachwa. Mama husimama ndani ya ua wake kama mtu asiyehusika. Kisha mwanamke wa ukoo mwingine, ambaye wameshapatana naye kabla, hupita pale, humwokota, akamletea mama na kumwambia: Nimeokota mtoto njiani, una maziwa? Mama hujibu: Ninayo, nipe. Hayo tu. Haruhusiwi kuongeza neno. Kuanzia hapo mtoto ni wa kuokotwa, si wa kuzaliwa, naye huitwa Owiti, au Awiti kama ni msichana.

Mwokotaji wetu alikuwa Salome, mjane muuza vyungu aliyekaa ng'ambo ya mfereji mkubwa. Alikuja siku moja kabla kumwona mtoto, akamgeuza huku na huku.

"Huyu mbaya hivi, nani atamwokota?" alisema. Hiyo pia ni desturi, mtoto asisifiwe. "Mama, mimi nikimkuta njiani nitampita, niokote kuni."

"Pita tu," mama mkwe akamjibu. "Na chai yangu uipite vilevile."

Walicheka. Mimi nilicheka kidogo. Mpango ulikuwa kesho yake asubuhi, jua likitoka.

Usiku huo mvua ilinyesha. Unaijua mvua ya Kano, haina adabu. Asubuhi ilikuwa imekoma na mbingu ni safi, lakini maji yalikuwa yamesimama kila mahali, na juu ya maji hayo palikuwa na tuta la mfereji tu, jembamba, ambalo ndilo lilikuwa njia yetu. Nilisema tuahirishe. Mama mkwe akakataa. Mtoto alikuwa na siku tatu, na wa pili alikuwa amekufa siku ya nne. Alimchukua mwanangu kwenye ungo, akamweka pale tuta linapokutana na njia ya boma, karibu na jaa, akarudi akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango, kama inavyotakiwa. Nikabaki peke yangu kwenye mwanya wa ua.

Nilisubiri. Salome hakutokea. Mtoto alikuwa hatua kama thelathini kutoka kwangu na nilikuwa naona ngumi yake inapanda na kushuka juu ya ukingo wa ungo. Nilikuwa nimekatazwa kumwendea. Akaanza kulia. Maziwa yakaanza kunitoka, yakalowesha leso mpaka kiunoni. Nilikuwa namwangalia kunguru mmoja kwenye jaa, nikisema moyoni, akisogea hatua moja tu naenda, desturi baadaye.

Ndipo nikaona mwanamke anakuja juu ya tuta. Nilishukuru. Hata hivyo hakuwa Salome. Salome ni mfupi na hutembea akiyumba, huyu alikuwa mrefu na alitembea sawa. Hakuwa kijana, hakuwa mzee. Sura yake ilikuwa ya mtu uliyewahi kumwona sokoni na hukumbuki ni lini. Nilidhani Salome ameshindwa kuvuka, akamtuma mwenzake.

Nyuma yake walikuwa watoto watatu, wakifuatana mmoja mmoja kwa sababu tuta lilikuwa jembamba.

Aliinama akamwokota mwanangu vizuri, kama mtu aliyezoea, mkono mmoja chini ya shingo. Kilio kikakatika. Akaja mpaka kwenye mwanya wa ua, akasimama mbele yangu. Wale watoto wakasimama pia.

Sasa nisikilize vizuri. Mkubwa alikuwa mvulana wa kama miaka saba, na masikio yake yalikuwa yamesimama kama ya mume wangu. Wa pili alikuwa msichana mdogo kwake. Huyo siwezi kukuambia nilimtambua, kwa sababu mtoto wa siku nne hana bado kitu cha kumtambulisha. Nasema tu alikuwa wa umri ule. Wa mwisho alikuwa mvulana ambaye ndiyo kwanza anatembea vizuri. Nywele za wenzake zilikuwa kavu. Yeye paji lake la uso lilikuwa na maji. Yalikuwa yanashuka kwenye nyusi, anayafuta kwa mgongo wa kiganja, yanashuka tena. Hakuonekana kusumbuka. Alifuta kama mtu anayefukuza nzi wa kila siku.

Mwanamke akasema, "Nimeokota mtoto njiani. Una maziwa?"

Nilipaswa kusema, ninayo, nipe. Maneno yalikuwa mdomoni. Badala yake nikasema, "Na hao ni wa nani?"

Hilo ndilo kosa langu. Sikupaswa kuuliza.

Hakukasirika. Aliwatazama kama mtu anayekumbushwa mizigo yake. "Hawa pia niliwaokota," alisema. Kisha akaniuliza, "Una maziwa ya wangapi?"

Nataka niwe mkweli hapa, maana kama si hapa, ni wapi? Kwa muda fulani sikumwangalia yule mchanga kabisa. Niliwaangalia wale watatu. Nilitaka kusema, ya wote. Kifua kilikuwa kinaniuma na maziwa yalikuwa yanatoka kana kwamba yamewasikia. Lakini nilihisi, bila kuambiwa na mtu, kwamba nikisema wote hatabaki hata mmoja upande huu wa ua. Kwa nini nilihisi hivyo? Sijui. Sikufikiri. Niliona tu mkono wa yule mwanamke unambana mwanangu kidogo zaidi, akingoja.

Nikasema, "Ya mmoja."

Akanipa mtoto. Wale watatu waligeuka kabla hata hajawaambia. Hawakulia, hawakunitazama tena. Waligeuka kama watoto waliozoea kufika penye mlango na kuondoka. Wakarudi juu ya tuta, mkubwa mbele safari hii, mwanamke nyuma. Nilimweka mtoto kwenye titi nikiwa nimesimama. Nilipoinua macho, tuta lilikuwa tupu. Sikuona wamepotea vipi. Nilikuwa namwangalia mtoto.

Salome alifika baadaye sana, matope mpaka kiunoni, kiatu kimoja mkononi. Tuta lilikuwa limekatika upande wake na alikuwa amezunguka mbali. Aliponiona nina mtoto akasimama.

"Nani ameninyang'anya kazi?" alisema.

"Hukumtuma mtu?"

"Nimtume nani? Huko nilikotoka hata mbwa hapiti."

Mama mkwe alitoka nyumbani. Nikawaeleza. Mama mkwe akasema haijatimia, ni lazima tumweke tena chini, Salome amwokote ipasavyo. Nilikataa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkatalia, na alinitukana mpaka machozi yakamtoka, lakini sikumweka mwanangu chini tena. Siku hiyohiyo nilimbeba kwa katekista, Salome akiwa mama wa ubatizo na matope yake vilevile. Aliitwa Awiti, na jina la kanisa.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Katekista alisema ni shetani aliyevaa huruma. Mama mkwe alisema ni mmoja wa bibi zetu waliotangulia, huwakusanya watoto wadogo wasizurure peke yao, na kwamba nilimwaibisha kwa kumuuliza swali kama karani. Miaka kadhaa baadaye nilimweleza padri mmoja mzee mjini. Alisema nisishike sana habari za mahali pale pasipo furaha, kwamba huruma ya Mungu ni kubwa kuliko kitabu. Nilimuuliza, wanakua? Alivua miwani. "Mama, sijui," alisema. Nilimpenda kwa hilo, lakini halikunisaidia.

Tulihamia Kondele, mjini Kisumu, chumba kimoja. Awiti yuko darasa la tatu. Si mtoto wa ajabu. Anapata malaria, anapigana na wenzake, anaficha nguo chafu chini ya kitanda. Ninayesumbuka ni mimi. Siwezi kukaa nikiwa nimeupa mlango mgongo. Nikipakua chakula mkono unaendelea baada ya sahani zote kujaa, mpaka mume wangu aniambie, tosha. Mwaka jana karani wa kliniki aliniuliza nina watoto wangapi. Nilianza kuhesabu kwa vidole, akainua kichwa.

"Mama, hilo nalo ni swali gumu?"

Waliokaa kwenye benchi walicheka. Nikasema wanne. Akaniuliza majina, nikataja moja. Akakata nne, akaandika moja, kwa wino.

Kuna jambo ambalo sikumwambia mama mkwe, wala padri, wala baba yao. Pale uani, nilipoulizwa nina maziwa ya wangapi, yule mkubwa alikuwa amefungua mdomo. Alikuwa na neno. Huenda angeniambia wanakaa wapi, huenda angeomba maji tu, huenda angesema, mama, chukua huyo, sisi tuko salama. Nilimwona anavuta pumzi. Nami nikaharakisha jibu langu nisimsikie, kwa sababu nilijua nikiisikia sauti yake nitashindwa kusema mmoja.

Kwa hiyo wewe uliyezika mtoto, sikukatazi desturi yako wala kanisa lako. Nakuonya kitu kimoja. Siku wakija, na usidhani hawawezi kuja, mshike aliye hai uwezavyo. Lakini usijibu kabla ya wale wengine kusema.