Watoto wa Majaribio

Mtaani walimwita Mama Mashine, maana kompyuta yake hailali na mwanawe naye halali. Kazi yake aliifanya peke yake mwanzo mpaka mwisho: kuchora kurasa ambazo mtu anaziona kwenye simu, kusuka mitambo iliyo nyuma yake, kisha kuirusha hewani mwenyewe huku kichanga kikinyonya. Programu yake ya sasa ilikuwa ya kuwakumbusha akina mama siku za kliniki.

Aliyeitia uchafu ni Bwana Nepi, mfanyabiashara aliyeidhamini ili itangaze nepi zake. "Dada, hicho kitufe cha kujitoa kifiche," alimwambia, sauti laini kama mafuta ya mtoto. "Mama akishaingia, atoke aende wapi?"

Roho ilimchafuka, lakini alikisukuma chini kabisa, kwenye ukurasa wa masharti, herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Asubuhi moja wifi yake akaingia bila hodi, simu mkononi. Mwezi uliopita huyu wifi alikuwa amemzika mwanawe. Akakaa juu ya rundo la nguo zinazosubiri pasi, akasema taratibu, "Wifi, niliona haya kukusumbua. Hiki kitu chako kinaniandikia kila siku. Natafuta pa kukizima, sipaoni."

Mama Mashine akasoma: *Hongera mama! Leo mwanao anatimiza miezi minne. Mwili unakua, nepi nazo zikue!*

Kabla ya kuirusha programu hewani aliijaribu weee, akasajili watoto wa uongo, Jaribio wa Kwanza, Jaribio wa Pili, mpaka wakajaa. Wote walikua. Wote waliota meno kwa wakati. Hakumpata hata mmoja aliyeugua. Programu ilijua kuongeza siku tu, kusimama haikujua. Na mlango wa kutokea aliuficha yeye, kwa vidole hivi hivi anavyomwogeshea mwanawe. Akavitazama kama vimetoka chooni.

"Nishikie huyu," akasema, kisha akasita, aibu imemjaa.

Wifi akanyoosha mikono. "Mlete. Mikono yangu haijasahau."

Mama Mashine akainamia kompyuta, hakuinuka mpaka kitufe kikakaa juu kabisa, kikubwa: *Usiniandikie tena*. Akakirusha hewani vile vile. Chai ya asubuhi haijapoa, simu ikalia, Bwana Nepi.

"Dada, umefanya nini? Kitufe kama mlango wa ghala! Watu wanatoka!"

"Si walikuwa wamefungiwa?"

"Basi na mimi najitoa!"

"Jitoe, bwana. Hata wewe nimekuwekea kitufe."

Akakata. Akamrudishia wifi simu yake. "Bonyeza hapo."

"Kitaniuliza kwa nini?"

"Hakiulizi."

Wifi akabonyeza, mtoto kamlalia begani. Mama Mashine akaenda bombani, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akanawa tena.