Mgongo wa Ge Sufen

Watu wa mtaa wetu wakisimulia ndoa ya Ge Sufen na Tong Kaishan husema walipendana tangu utotoni. Waongo. Hao wawili waliozeshwa na mgongo, na mimi Han Lamei, muuza siki, nilikuwapo nikajionea kwa macho yangu haya.

Tulikuwa vijana wakati kijiji chetu cha wachimba makaa, hapa mkoani Shanxi, kilipoambiwa kitoe watu wakafundishwe udaktari wa haraka haraka. Madaktari peku, ndivyo walivyoitwa, ingawa viatu walivaa. Tulichaguliwa Sufen, Kaishan na mimi. Mwalimu wetu alikuwa Mzee Xi, mtu mkavu, mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake. Kwanza tulichoma sindano, zile nyembamba kama unywele zisizo na dawa ndani, kwenye bunda la karatasi lililofungwa uzi mpaka vidole vikazoea. Kisha akatuambia tujichome wenyewe, mguuni, mkononi, tumboni. Alikuwa na sheria yake: usimtie mgonjwa sindano mahali ambapo wewe mwenyewe hujawahi kuisikia. Mimi nilijitia ya chini ya goti, macho yakaingia giza, nikaanguka pu. Nilipozinduka nikarudi zangu kwenye mapipa ya siki ya baba, na sijajuta hata siku moja.

Wakabaki wawili. Ikafika zamu ya mgongo, na mgongo wako huwezi kuuchoma mwenyewe, labda uwe na mikono ya nyani. Sufen akagoma. Msichana hajaolewa, amfunulie mgongo mvulana wa watu? Mama yake akaja mpaka mlangoni kwa mwalimu, mikono imejaa unga.

"Mwalimu Xi, mwanangu si mbuzi wa kuchunwa mbele za watu."

Mzee Xi hakuinua hata kichwa. "Enzi za babu wa babu zetu," akasema, "kulikuwa na mfalme aliyewakataza matabibu wa jumba lake kutumia sindano. Alisema haufai mwili wa mfalme kuchomwa. Sasa naona tumepata mfalme wa pili, binti wa mchimba makaa."

Kisha akapoa kidogo, akaeleza. Zamani za kale wakubwa waliagiza sanamu, mtu wa shaba, mwili mzima ametobolewa matundu mahali pa sindano. Siku ya mtihani anapakwa nta, anajazwa maji. Mwanafunzi akipatia, maji yanatoka. Akikosea, sindano inagonga shaba, anaaibika.

"Mimi mtu wa shaba sina," akamaliza. "Nina hawa wawili."

Mama mtu akamtazama Kaishan juu mpaka chini. Kijana mpole, masikio makubwa kama vikombe, kucha safi. "Basi amwoe kwanza," akasema. "Akishakuwa mkewe, amchome anavyotaka."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini yule mama hakuwa anatania, na kabla ya theluji ya kwanza Sufen alikuwa mke wa mtu.

Sufen ana kifua kibovu tangu mtoto. Vumbi la makaa halimpendi. Kila majira ya baridi yalipoanza kubisha hodi, Kaishan alimkalisha kwenye kitanda cha matofali chenye moto chini yake, akamtia sindano mahali paitwapo Gaohuang, kati ya ukingo wa bega na uti wa mgongo. Wakubwa wa tiba walisema ugonjwa ukijificha ndani huko, dawa haiufikii. Ni mahali pa hatari pia, pafu liko karibu, kwa hiyo aliilaza sindano ikapita juu juu, taratibu. Nilikuwa napeleka siki yangu, nawakuta hivyo, nao hata hawastuki.

"Imefika?" Kaishan anauliza.

"Bado."

Anaizungusha kidogo kwa ncha za vidole. "Imefika?"

"Imefika."

Wanachosema kimefika ni qi, ile pumzi ya mwili. Anayechomwa husikia uzito, ganzi inatambaa. Anayechoma naye husikia vidoleni kwamba nyama imeikamata sindano, kama samaki aliyeonja chambo. Ndiyo maana hawa watu huwezi kuwadanganya. Mimi marehemu mume wangu alikufa mgodini tukiwa bado wabichi kwenye ndoa, na nakiri wazi, nilikuwa nikisikia lile neno lao nawaonea wivu.

Wakazeeka. Wametibu kijiji kizima, viuno, magoti, midomo iliyopinda. Binti yao Wenjing akasoma, akaenda kufanya kazi ya utafiti mjini, huko wanakopima sindano za wazazi wake kwa mashine.

Halafu mwaka juzi, wakati wa kupanda mtama, Kaishan akapigwa kiharusi. Alitoka hospitali amebaki na ulimi mzito, na mkono wake wa kulia, ule wa sindano, umelala kama tambi iliyochemka kupita kiasi. Sufen akaanza kumchoma yeye. Asubuhi kwa asubuhi, begani, kiwikoni, kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Imefika?"

"Ime... fika," Kaishan anajikaza.

Siku moja Sufen akaja uani kwangu, akakaa juu ya pipa, akalia. Sijawahi kumwona analia, hata kwenye mazishi ya mama yake.

"Lamei, ananidanganya. Sindano inaingia kama kwenye tofu laini. Haikamatwi na kitu. Halafu ananiangalia usoni, anasema imefika."

"Anakuonea huruma, dada."

"Najua. Ndicho kinachoniua." Akajifuta kwa mkono wa koti. "Yupo pale kitandani, anakula, ananuna, ananicheka. Na bado namkosa. Unaelewa? Nalala naye kitanda kimoja na ninamkosa."

Nikamwambia naelewa. Nilielewa sana.

Baridi ikaja na kikohozi chake. Kikohozi cha mwaka ule kilikuwa kibaya, unakisikia mpaka barabarani. Nikamwambia aende kwa yule daktari kijana wa zahanati, anachoma vizuri, na hana maneno mengi.

"Mgongo wangu haujawahi kumjua mtu mwingine," akasema.

"Basi kohoa mpaka utapike mapafu, mfalme wa pili."

Alicheka, akakohoa, lakini hakwenda.

Wenjing alikuja mwezi ule, akamburuta hospitali, wakapiga picha ya kifua, wakampa dawa ya maji. Hakuna kibaya, walisema, ni kifua kilekile cha siku zote. Jioni tukala tambi, nami nikamchokoza yule binti.

"Haya, msomi. Hiyo qi mmeipata kwenye mashine zenu?"

"Qi hatujaiona, mama mdogo. Wala hiyo mishipa yake inayochorwa vitabuni. Ukipasua mwili huikuti." Akachovya vijiti kwenye bakuli langu, akavizungusha, tambi zikajikunja. "Lakini sindano ikizungushwa, nyuzi zilizo chini ya ngozi zinaizonga hivi. Hilo limeonekana. Na ubongo unatoa dawa yake wenyewe ya kutuliza maumivu."

"Si ndivyo tulivyosema siku zote?" Sufen akadakia.

"Siyo yote, mama. Kuna sindano za uongo. Butu, zinarudi ndani ya mpini, hazitoboi. Mgonjwa anadhani amechomwa. Na katika majaribio ya maumivu ya mgongo, waliochomwa kweli na waliochomwa uongo mara nyingi wamepata nafuu karibu sawa. Wote wakawapita wale waliopewa matibabu ya kawaida tu."

Sufen akaweka bakuli chini kwa kishindo. "Nimekusomesha ili uje uniambie baba yako alikuwa ananishika mgongo bure?"

"Sijasema bure, mama."

Kaishan alikuwa pembeni, mdomo umepinda upande. Nilidhani hafuatilii. Kumbe alikuwa anasikiliza kila neno.

Wenjing alipoondoka, theluji ilikuwa inaanza. Nikaenda na siki yao kama kawaida. Sufen alikuwa anakohoa, ameshika ukuta. Kaishan akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto.

"Lete... sindano."

"Za nini? Zako nimekuchoma asubuhi."

"Vua... koti."

Sufen akavua, akapandisha shati, akamgeuzia mgongo, mgongo wa kizee sasa, umejaa mikunjo. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yao karibu na jiko, ningeondoka, lakini nikabaki na kikombe changu cha chai.

Kaishan akapapasa kwa kidole gumba cha kushoto, akashuka mbavu kwa mbavu, akasimama penyewe. Akashika sindano. Akailaza, akasukuma, ikateleza juu ya ngozi, ikaangukia kwenye blanketi. Akaitazama. Akageuka, akanitazama mimi, akatikisa kichwa: nyamaza.

Kisha akaweka kidole gumba pale pale, akakandamiza, akakiacha hapo.

"Imefika?"

Niliona mabega ya Sufen yamekaza kama ya mtu anayebeba ndoo za maji. Kisha yakashuka, taratibu.

"Imefika," akasema.

Walikaa hivyo mpaka chai yangu ikapoa. Kaishan aliposinzia, Sufen akaiokota sindano kwenye blanketi bila kuitafuta, maana alijua ilipoangukia, akaipangusa, akairudisha kwenye kijaluba. Nikamfuata mlangoni.

"Ulijua haikuingia?"

"Lamei, huyo ananichoma tangu nikiwa msichana. Nisijue?"

"Sasa mbona ulimwambia imefika?"

"Kwa sababu ilifika," akasema, akafunga vifungo vya koti, akanisukuma nje nisimwingizie mgonjwa baridi.

Nikashika njia na kopo langu tupu. Theluji ilikuwa imeshika sasa. Tangu mume wangu afe, hakuna mtu aliyewahi kuujua mgongo wangu, wala kuniuliza kitu kimefika au bado. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, mimi niliyekimbia sindano ya goti.