Lozi ya Solfrid

Kisiwani Grimsvær, mtu akishapendwa ndiyo basi tena. Haulizwi kitu. Hivyo ndivyo ilivyompata Solfrid, mpishi wa shule yetu ya msingi, aliyeingia katika lile jiko akiwa msichana wa nywele za mikia miwili, kwa kazi ya msimu mmoja tu, na Desemba ya kisa hiki ikamkuta ana mvi na goti linalogoma kila anapopanda ngazi.

Si kwamba hakujaribu kuondoka. Alijaribu, na si mara moja, kwa sababu dada yake Oddny, anayeishi kusini katika mji wenye miti na mchana wa kweli hata Desemba, hakuacha kumpigia simu kumuuliza kama safari hii anakuja au ataendelea kuzungushwa. Mwaka mmoja alimfuata mwalimu mkuu, Eilert, akamwambia waziwazi, "Nataka kuacha kazi." Eilert akasikia, "Nimechoka kidogo." Kesho yake yakaja maua. Mwaka mwingine alirudia maneno yale yale, na darasa la pili wakatungiwa wimbo wenye jina lake, wakaja kuuimba mlangoni pa jiko, wengine machozi yakiwatoka. Hebu wewe jaribu kupita katikati ya watoto wanaolia huku umebeba sanduku lako la safari. Solfrid alishindwa. Akarudi kukoroga sufuria.

Wazazi nao walikuwa na lao. Halmashauri ilikwisha kusema kwamba siku Solfrid akiondoka, chakula cha watoto kitakuja na kivuko kutoka bara, kimefungwa kwenye vyombo vya plastiki. Kwa hiyo wazazi wakampenda kwa bidii zote. Walimletea samaki, walimfumia soksi za sufu, walimwondolea theluji mlangoni kabla hajaamka. Hata dukani hakupata nafasi ya kuchagua viazi kwa amani, lazima mtu amshike mkono na kumwambia, "Solfrid, bila wewe sijui tungekuwaje." Kila akisikia hivyo alihisi kama mtu anamkazia skafu shingoni, taratibu, kwa mapenzi.

Mwaka huu Oddny hakubembeleza.

"Chumba chako nimekitunza miaka yote hii," alisema kwenye simu. "Mwaka mpya ukiingia hujafika, nampa nesi mmoja anayetafuta pa kukaa. Sikukasirikii, mdogo wangu. Ila na mimi nataka mtu wa kunywa naye kahawa."

"Nitakuja."

"Wimbo wako huo naujua."

"Safari hii nimepata njia, dada. We subiri."

Njia yenyewe ilikuwa lozi.

Katika nchi hii, lozi moja hutiwa ndani ya uji wa Krismasi, ule mzito wa mchele na maziwa, na anayeipata hupewa nguruwe wa marzipani, yaani kitamutamu cha lozi zilizosagwa na sukari. Huo ni utaratibu wa kila nyumba. Shule yetu ina nyongeza yake: mwenye lozi huomba jambo moja, na mwalimu mkuu hawezi kulikataa. Msichana mmoja aliwahi kuomba kengele isilie wiki nzima, na haikulia. Mwingine aliomba ndevu za Eilert. Eilert alikuwa amezifuga tangu ujana wake, lakini alinyolewa mbele ya ukumbi mzima, kidevu kikatoka cheupe, hata mkewe akashindwa kujizuia kucheka. Na si haki ya watoto peke yao. Kisiwa kizima huja kula siku hiyo, na kila aliyeketi mezani yumo. Fundi wa kivuko alipoipata, aliomba walimu waondoe theluji yote ya njia ya bandarini kwa makoleo, na wakaiondoa, wakinung'unika. "Lozi ni lozi," husema Eilert, na hapo hakuna rufaa.

Kuna sharti moja. Ukiipata huitoi. Unaificha shavuni na kuendelea kula ukijitia hamnazo, mpaka sufuria iishe, ili wengine nao wazidi kula kwa tamaa. Watoto wa kwetu wanajua kuficha lozi kabla ya kujua kusoma.

Aliyeitumbukiza miaka yote ni Solfrid, na hakuwahi kumpendelea mtu. Humenya lozi mbili, moja ya sufuria na moja ya akiba, maana pengine hupasuka. Kisha hufumba macho, huitumbukiza kwa mkono wa kushoto na kukoroga, ili hata yeye asijue ilikokwenda. Mwaka huu alikata shauri kudanganya. Lozi moja aliitia katika mfuko wa aproni yake, iende katika bakuli lake mwenyewe. Ya pili aliiacha kwenye kisahani pembeni ya jiko, aje kuila baadaye na kahawa. Sufuria isingekuwa na lozi kabisa. Alipolifikiria hilo masikio yalimwaka moto, lakini hakubadili nia.

Uji ulikuwa unaanza kushika alipoingia Eilert bila kubisha, kama kawaida yake.

"Solfrid, malkia wa uji! Harufu imenifuata mpaka ofisini."

"Toka jikoni kwangu na hayo mabuti yako."

"Natoka, mama, natoka. Nimekuletea habari njema tu. Mwakani unapata jiko jipya, nimeshasema na halmashauri."

"Mwakani."

"Mwakani na miaka mingine kumi! Wewe tutakuzika hapa hapa karibu na mlango, ili utusikie tukila." Akacheka kicheko chake kikubwa, akachovya kijiko, akaungua ulimi, akatoka.

Solfrid alibaki amefumba macho kwa hasira. Mikono ilijiendea yenyewe, ikashika hiki, ikaweka kile, ikakoroga. Yeye akili yake ilikuwa mlangoni, kwenye kaburi lake.

Adhuhuri ukumbi ulijaa. Nje kulikuwa na giza, maana jua letu lilikwisha kutuaga Novemba, na madirishani mishumaa ilikuwa ikiwaka. Watoto walipeleka bakuli moja la uji nyuma ya ghala kwa ajili ya yule kibwengo anayelinda majengo wakati wa baridi, na paka wa Eilert, anayeijua siku hiyo kuliko sisi sote, alikuwa anangoja huko huko. Watu walipakuliwa uji, wakanyunyiza sukari na mdalasini, wakaweka donge la siagi katikati. Solfrid alijipakulia wa mwisho. Kabla ya kugeuka aliichomeka lozi yake chini ya siagi.

Akaketi mwisho wa meza ndefu. Mbele yake alikaa Ylva wa darasa la tatu, mtoto wa nahodha wa kivuko, binti mwenye mapengo mawili na maswali yasiyoisha. Kijiko cha tatu Solfrid akaipata lozi, akaisukuma shavuni kwa ulimi. Maneno yake aliyafanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo, na yalikuwa mawili tu: mniache niende. Asiongeze kitu, wasije wakapata pa kushika.

"Shangazi, mbona shavu lako moja nene?" Ylva aliuliza.

"Jino. Kula uji wako."

"Jino la upande gani?"

"La upande wa watoto wanaoongea mezani."

Ylva akainamia bakuli. Naye, kama Solfrid angemtazama vizuri, shavu lake moja halikuwa sawa na lingine.

Sufuria ikaisha. Eilert akasimama, akagonga glasi kwa kijiko. "Haya, jamani! Nani ana lozi?"

Solfrid aliweka viganja mezani ajiinue. Goti likagoma. Alikuwa bado anabishana nalo pale Ylva aliporuka juu ya benchi, akatoa ulimi nje mbele ya watu wote, na juu ya ulimi kuna lozi, nzima, imemenywa vizuri, nyeupe.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Solfrid alipigwa na bumbuwazi. Kwanza alidhani mtoto amekuja na lozi yake kutoka nyumbani. Kisha akakiona kile kisahani, akilini mwake, pembeni ya jiko. Alipokiosha kabla ya kupakua, kilikuwa kitupu. Eilert alikuwa akibwabwaja, yeye alikuwa amefumba macho, na mkono wake wa kushoto, mkono uliofanya kazi ile ile kila Desemba bila kuagizwa, ulikuwa umeichukua lozi ya akiba na kuitumbukiza sufuriani. Hakuna aliyemtega. Amejitega mwenyewe, kwa mazoea tu.

Bado angeweza kusema. Lakini lozi mbili maana yake kuna aliyedanganya, na katika ukumbi ule mzima anayeshika lozi ni mmoja. Akabaki ameketi, kinywa amekifunga.

"Ylva!" alisema Eilert. "Omba. Lakini ndevu zangu usiziguse."

"Nilitaka kuomba hesabu zifutwe," alianza Ylva, na madarasa yote yakapiga kelele za furaha. Akawanyamazisha kwa mkono. "Lakini mama amevusha maboksi ya Shangazi Solfrid kwenye kivuko. Na kiti chake cha kufumia sufu. Nikamuuliza yanakwenda wapi, mama akaniambia nifunge mdomo. Kwa hiyo naomba Shangazi Solfrid asiende popote. Atupikie mpaka nimalize darasa la saba."

Mama yake Ylva akajifunika uso kwa mikono.

"Na mdogo wako je? Hata kutembea hajaanza!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Basi mpaka na yeye amalize."

"Na huyu wangu je?" akadakia mwalimu wa muziki, akijipiga tumbo lake la miezi saba, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Wakacheka, wakapiga meza kwa vijiko. Kila aliyefungua mdomo alimwongezea Solfrid miaka, kama watu wanaoongeza kuni motoni.

"Lozi ni lozi!" Eilert alitamka, macho yamemlowa. Akaja mpaka mwisho wa meza, akamshika Solfrid mabega kwa mikono miwili. "Solfrid! Maboksi gani hayo? Kweli ulitaka kutukimbia?"

Solfrid akatikisa kichwa. Angefanyaje? Lozi ilikuwa imekaa pale pale shavuni, laini, tamu kidogo, na midomo ilikuwa lazima ifumbwe.

"Mwacheni jamani," akasema mwanamke mmoja kwa huruma. "Moyo umemjaa mpaka hawezi kusema!"

Machozi yalimtoka kweli. Wakayapigia makofi. Hapo ndipo Solfrid alipouma meno, lozi ikapasuka, akameza.

Baada ya hapo ni kuzunguka mti wa Krismasi, wote wameshikana mikono na kuimba, miduara mitatu, wadogo ndani na wakubwa nje. Solfrid huwa katika mduara wa nje kila mwaka, karibu na mlango. Leo walimvuta katikati kabisa, karibu na matawi, mikono midogo imemng'ang'ania huku na huku, na nyuma yake mduara, na nyuma yake mwingine. Aliimba. Nyimbo alizijua zote, na alizichukia zote kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Watu walipoanza kutawanyika alirudi jikoni, akaanza kusugua sufuria. Ylva akaingia, koti amevaa tayari, mkononi ana nguruwe wa marzipani aliyekatwa vipande viwili.

"Nimekuletea upande wa kichwa. Ndio mkubwa."

"Asante, mwanangu."

Ylva hakuondoka. Alisimama akimtazama. "Nilikusikia ukitafuna."

"Tulikuwa tunakula. Watu hutafuna."

"Sufuria ilikuwa imeshaisha. Na uji haufanyi 'ka'." Akasogea, akashusha sauti. "Na wewe ulikuwa nayo. Si ndiyo?"

Solfrid alitafuta uongo, akaukosa. Alikuwa ameutumia wote siku ile.

"Ndiyo."

"Ungeomba nini?"

"Kuondoka."

Neno lilitoka kirahisi ajabu, hata yeye mwenyewe akashtuka. Ylva akaliwaza, amekunja uso kama mtu aliyepewa hesabu ngumu.

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa na lozi mdomoni."

"Sasa hivi huna."

Dirisha la kupitishia chakula lilikuwa wazi. Kule ukumbini Eilert alikuwa peke yake, anakunja viti na kuimba puani, karibu kiasi kwamba ungemwita bila kupaza sauti. Ylva alimtazama yeye, kisha akamgeukia Solfrid.

"Mwambie," alinong'ona. "Mimi namrudishia lozi yangu, naomba hesabu. Na sitalia. Nikilia, nitalia nyumbani."

Akangoja. Eilert akaacha kuimba, akainua kichwa, akawaona dirishani. "Kuna nini huko, mabibi? Mnanisengenya?"

Solfrid alikitazama kile kichwa cha nguruwe kiganjani mwake. Kilikuwa kikubwa, kina masikio na macho mawili ya chokoleti. Akakitia chote mdomoni, akaanza kutafuna.