Diski Mbili za Maganga

Maganga anauza vipuri vya pikipiki katika soko la Mwanjelwa, na ubishi nao anauuza kwa jumla na rejareja. Nilipomshauri picha za familia aziweke mtandaoni kama watu wengine, alinifokea: "Nimkabidhi mke wangu kwa mtu nisiyejua hata kwao ni wapi?" Akanunua kiboksi chenye diski mbili, akakiunganisha na ruta sebuleni kwake, mtaa wa Soweto. Picha ikiingia diski ya kwanza, ya pili inainakili papo hapo. Kwa majigambo yake, mtaa mzima tulikoma.

Kisha akagombana na mkewe, Verediana, naye akafunga mabegi akarudi kwao Iringa. Kwa hasira Maganga akafuta picha zote za harusi. Diski ya pili, tiifu kuliko kwaya nzima ya parokia, nayo ikafuta.

Wazee wakasuluhisha, Verediana akarudi. Jioni ya kwanza akaomba waangalie harusi yao kwenye runinga. Maganga akalaumu umeme, akalaumu panya, mwishowe akasema ukweli.

Ikabidi wakodi shela na suti, wapigwe picha upya. Koti liligoma kufunga, kwa hiyo bwana harusi ndiye aliyeshika maua, kuficha kitambi.

Maganga alipotaka kuziingiza picha hizo kwenye kiboksi chake, Verediana alikuwa ameshaweka nakala kwenye diski nyingine na kuituma Iringa kwa basi.

"Hiyo inakaa kwa mama yangu," alimwambia. "Siku ukinifuta tena, utakwenda kuniomba upya kulekule ulikonitolea mahari."