Tangi Moja, Joto Moja

Siku ile stima ilipopotea na mitambo ikazimika pale Kendu Bay, mwanangu, huwa naikumbuka kila ninapoona kijana akishika kazi kwa hamu kama wewe.

Nilikuwa fundi mchanga katika kiwanda cha sabuni. Mafuta ya mawese, yaliyosafishwa hadi yakawa meupe, yalikaa kwenye tangi kubwa, na ndani yake lilipita bomba la mvuke ili yasigande. Yakipoa hayasukumiki kwa pampu; yakizidi moto yanaharibika. Tulihitaji kitu cha kuudhibiti huo mvuke.

Injinia wetu, Mama Atieno, aliyenifundisha kazi, alitaka valvu ya kawaida tu. Ina kijibomba chenye kimiminika, unakizamisha ndani ya mafuta. Joto likipanda, kimiminika kinatanuka na kuisukuma valvu ifunge. Haitaki stima. Mimi nilitaka ile ya mota, yenye skrini na tarakimu za kijani.

“Wuoda,” alinicheka, akiniita mwanawe kwa Kijaluo, “tangi moja, joto moja. Unataka kulirusha kama ndege?”

Nilimbembeleza mpaka akatia sahihi. Nadhani hakutaka kunivunja moyo.

Kisha mvua ya ziwani ikakata stima. Skrini ikazimika, mota ikaiacha valvu wazi kama ilivyokuwa. Lakini boila yetu ilikuwa ya kuni, mwanangu, na moto wa kuni haujui kama stima imepotea. Mvuke uliendelea kuingia huku sisi tukihangaika na mashine nyingine. Tulipokuja kufunga kwa mkono, mafuta yalikuwa ya kahawia, yananuka. Kina mama waliokuwa wakikata sabuni wakarudishwa nyumbani.

Meneja aliuliza nani alichagua kifaa kile.

“Sahihi ni yangu,” Mama Atieno akajibu.

Nilikuwa kando yake. Nikaangalia viatu vyangu. Akaachishwa kazi.

Baadaye niliweka kwenye tangi ile valvu aliyoitaka, nikaenda kwake Uriri kumwomba msamaha. Kabla sijafungua kinywa akaniuliza, “Kile kijibomba umekizamisha chini kabisa? Mafuta yakipungua kikabaki hewani, kitadanganyika.” Nikasema ndiyo. Tukanywa chai. Lile neno la msamaha nilirudi nalo, naye akafariki kabla sijapata tena nafasi ya kulisema.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kifaa, jiulize stima ikipotea kitafanya nini. Ukiwa na joto moja tu la kulinda, chukua kile ambacho hata mtu wa zamu atakielewa. Mota na skrini zina kazi zake, wala usiziogope. Na mtu akibeba kosa lako, sema siku hiyo hiyo.

Mungu akupe mikono mitulivu, na waliokufundisha wawe hai kukusikia ukiwashukuru.