Mama Alifika kwa Kamyo ya Kpandroma

Bado naikumbuka, mwanangu, siku mama yangu aliponikuta Bunia nikipanga matofali, na jua halijafika utosini. Nilidhani macho yananidanganya. Mama alikaa Kpandroma, na katika miaka ile ya vita, kamyo iliyotoka huko ililala njiani mara mbili, wakati mwingine tatu, magurudumu yamezama kwenye tope.

"Mama, ulitoka lini?"

"Leo. Nilikunywa chai kwetu, na saa hii niko kwako."

Alitua kikapu chake cha viazi. Viatu vyake havikuwa na tope hata kidogo.

Niseme kweli: habari ya njia nilikuwa nayo. Bunduki zilipotulia kidogo, mashine ilipita kusawazisha barabara, na wanakijiji wakatoka na majembe yao, kuanzia Iga Barrière kwenda juu. Walichimba mifereji, wakajaza mashimo kwa mawe, wakaweka mbao mpya kwenye madaraja. Shofere mmoja aliyeendesha kamyo aliniambia aliona watu waliokuwa wamekimbiana sasa wakibeba gogo moja mabegani. Mpaka leo nawaheshimu watu wale. Walifanya kazi huku wakitega sikio, kama milio itaanza tena.

Lakini mimi sikwenda. Baba yangu alikufa wakati njia imekatika, akazikwa bila mimi, mtoto wake wa kwanza. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Njia mbaya." Njia ilipotengenezwa, niliendelea kujibu hivyo hivyo.

Mama alikaa juu ya matofali. "Papa," akaniita, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume, "njia iko muzuri sasa. Ni weye hautaki kuja. Juu ya nini?"

"Niko na haya, mama. Mulimuzika baba na miye siko."

"Nani alikulaumu? Siye wote tulijua njia imekatika. Baba yako mwenyewe alisema, 'Mutoto asijaribu kuja, watamuua.' Alifurahi mpaka mwisho juu uko muzima."

Mwanangu, nililia mbele ya wafanyakazi wenzangu, udongo ukiwa bado mikononi.

Kesho yake tulipanda kamyo pamoja. Ilikwenda vizuri hata mama akasinzia begani mwangu, na kabla ya saa saba mchana nilikuwa nimepiga magoti kwenye kaburi la baba. Dada zangu walitoka shambani mbio, wakanikumbatia. Hakuna aliyeniuliza nilichelewa wapi.

Basi nakuomba, mwanangu, usijifiche nyuma ya kizuizi ambacho kimeshaondolewa. Kama ni haya inayokushika, iseme wazi kwamba ni haya, kwa sababu wanaokupenda pengine hawakukukasirikia hata siku moja. Na ukipita kwenye njia nzuri, shukuru mikono iliyoitengeneza, halafu nenda ukawaone watu wako wangali hai. Mungu akulinde katika kila safari, akufikishe mapema, na ukute wanakungojea.